Je, Tuwafunge Vinywa Wasiosadiki?

Ndugu wasomaji, liko neno linalosemwa sana katika mikutano ya Wakristo, nami naliona kuwa ni kosa kubwa. Kwa hiyo nataka kulipinga waziwazi. Neno lenyewe ni hili: ya kwamba watu wasiosadiki kuwako kwa Mungu wakikusanyika hadharani na kusema yaliyo mioyoni mwao, yatupasa sisi kuiomba Serikali iwazuie. Wasemao hivi si watu wabaya. Wengi wao ni wazee wa kanisa, wanaipenda dini yao, nao wanawahofia watoto wao. Lakini hofu si mshauri mwema. Mtu aliyeshikwa na hofu huweza kuchoma nyumba yake mwenyewe ili amfukuze nyoka.

Nitoe mfano ulio karibu nasi. Mwezi wa Februari mwaka 2016, katika nchi ya Kenya, Msajili wa Vyama alikiandikisha chama cha watu wasiosadiki, kiitwacho Atheists in Kenya. Kilikuwa chama cha kwanza cha namna hiyo kuandikishwa katika nchi hiyo. Watu wa dini wakanung'unika, malalamiko yakafika Serikalini, na mwezi wa Aprili mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu akausimamisha uandikishaji ule, kwa hoja ya kwamba jambo hilo limewatia watu wasiwasi mwingi na laweza kuharibu amani ya nchi. Wako Wakristo walioshangilia, kana kwamba Goliathi ameanguka. Lakini na tuulize: je, alikuwako hata mtu mmoja aliyesadiki kwa sababu ya amri ile? Watu wale walilala wakiwa hawasadiki, wakaamka vivyo hivyo. Jambo jipya walilopata ni moja tu, nalo ni sababu ya kusema kwamba Wakristo wanaogopa kuulizwa.

Kwanza, tukumbuke tulikotoka. Watu wa kwanza wa imani yetu waliitwa kwa jina hili hili tunalowaita hawa. Warumi na Wayunani waliwaona Wakristo hawana sanamu, hawachinji dhabihu, hawaiheshimu miungu ya mji. Wakasema, Hawa ni wakana miungu. Yapata mwaka 155, katika mji wa Smirna, Askofu Polikarpo aliletwa uwanjani mbele ya umati wa watu. Liwali akamwamuru awalaani wasio na Mungu, maana yake awalaani Wakristo wenzake. Mzee yule akawatazama watu waliojaa uwanjani, akawapungia mkono, akayatamka maneno yale juu yao wenyewe. Kisha akachomwa moto. Naye Yustino Mfiadini, siku hizo hizo, alimwandikia Kaisari wa Rumi kuwatetea ndugu zake. Alikiri kwamba kweli Wakristo wanaikana miungu ya uongo, lakini hawamkani Mungu wa kweli. Naye akaomba neno moja tu la haki, kwamba kila mtu ahukumiwe kwa matendo yake, si kwa jina alilopachikwa. Basi, haki ile aliyoiomba Yustino, sisi tumwnyime nani? Tuliyataka masikio ya watu tulipokuwa wachache. Je, tuyazibe sasa kwa kuwa tu wengi?

Tena tazameni mwendo wa Mtume Paulo alipokuwa Athene, kama tusomavyo katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume. Mji ule ulikuwa na Waepikureo, watu waliofundisha kwamba miungu haijishughulishi na mambo ya wanadamu, na kwamba roho hutoweka mwili ufapo. Mafundisho hayo hayako mbali sana na ya hawa wa leo. Je, Paulo alimwendea liwali wa Kirumi, akaomba Waepikureo wafukuzwe sokoni? Hakufanya hivyo. Alikwenda sokoni kila siku akahojiana na watu, na walipomwita Areopago alikwenda, akasimama katikati yao, akasema nao kwa mambo wanayoyajua. Wengine walimcheka. Wengine walisema watamsikia tena siku nyingine. Na wachache walisadiki, mmoja wao Dionisio na mmoja mwanamke jina lake Damari. Angalieni sana jambo hili: waliocheka na waliosadiki walikuwa katika mkutano mmoja. Kama mkutano ule ungalivunjwa kwa sababu ya wale wenye kucheka, Dionisio angalisikia wapi?

Sasa nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Uingereza, kwa kuwa habari zake ni somo kwetu tulio waalimu. Jina lake aliitwa Charles Bradlaugh, alizaliwa London mwaka 1833. Alipokuwa kijana alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Alipokuwa akijitayarisha kuwekewa mikono na askofu, aliisoma Injili pamoja na kanuni za Kanisa lake, akaona mambo yasiyopatana. Akafanya kama afanyavyo mwanafunzi mwema: alimwandikia kasisi wake kumwomba amweleze. Kasisi hakumweleza. Alimshitaki kwa baba yake kuwa ni mkana Mungu, akamwondoa katika kazi ya kufundisha, na mwisho kijana yule akatoka nyumbani kwao, naye umri wake ulikuwa kama miaka 16. Alipokelewa na nani? Alipokelewa na wale wale wasiosadiki, waliokuwa wakihutubia watu katika viwanja vya wazi mashariki ya London. Wao walimpa mahali pa kulala na mahali pa kusema. Mwaka 1866 mtu huyo akaanzisha chama kikubwa cha wasiosadiki katika Uingereza, akawa msemaji ambaye maelfu walikuja kumsikiliza.

Ndugu zangu, ni nani aliyemwongezea Shetani askari huyo? Si wale wahutubu wa viwanjani. Kijana alikuja mlangoni petu na swali mkononi, tukamfungia mlango.

Wala Waingereza hawakujifunza upesi. Mwaka 1842 walikuwa wamekwisha kumfunga George Jacob Holyoake gerezani miezi sita, kwa neno alilojibu mbele ya watu alipoulizwa habari za Mungu. Mwaka 1880 watu wa Northampton walimchagua Bradlaugh kuwa mjumbe wao katika Bunge. Alipotaka kuingia kwa ahadi tu, pasipo kiapo cha dini, alizuiwa. Aliposema kwamba basi ataapa, alikataliwa pia. Walimtoa nje, hata walimfunga usiku mmoja katika mnara wa Bunge. Watu wa Northampton wakamchagua tena, na tena, na tena. Mwaka 1886 aliingia, na mwaka 1888 sheria ikapitishwa inayomruhusu mtu kutoa ahadi badala ya kuapa. Basi ile miaka sita ya kumzuia ilileta faida gani? Ilimfanya mtu mmoja kuwa maarufu katika ufalme wote. Alipokufa mwaka 1891, kijana Gandhi wa Uhindi, aliyekuwa akisoma sheria London, alikuwa mmoja wa watu waliohudhuria maziko yake, maana Bradlaugh alikuwa amewatetea Wahindi katika Bunge. Na sheria ile ya zamani ya Uingereza ya kuwaadhibu wenye kukufuru ilifutwa mwaka 2008. Leo, katika pembe moja ya bustani ya Hyde Park mjini London, Mkristo husimama juu ya sanduku lake akahubiri, na asiyesadiki husimama karibu naye akapinga, na askari wa Serikali hutazama tu wasipigane. Sijasikia kwamba Mungu amepungukiwa na kitu kwa sababu ya bustani ile.

Wengine watasema: Wewe wataja Uingereza, ambako makanisa siku hizi hayajai watu; huo si ushahidi juu yako? Nami najibu: Makanisa yale yalianza kupungukiwa na watu muda mrefu kabla ya sheria ile kufutwa, na sheria haikuwazuia hata kidogo. Sheria yaweza kumkalisha mtu kimya. Haiwezi kumleta akae katika kiti cha kanisa kwa moyo wa furaha.

Na mkitaka kujua kazi ya nguvu katika mambo ya imani, tazameni Albania. Huko wasiosadiki ndio walioshika Serikali. Mwaka 1967 mtawala Enver Hoxha aliyafunga makanisa yote na misikiti yote, akatangaza kuwa nchi yake haina dini kabisa. Padri mmoja mzee aliuawa kwa kuwa alibatiza mtoto. Yale yalikuwa maovu makuu. Lakini mwisho wake ulikuwa nini? Mwaka 1990, baada ya miaka 23, misa ilisomwa tena hadharani katika mji wa Shkodër, na watu walikuja kwa maelfu. Walikuwa wameihifadhi imani majumbani mwao kimyakimya. Basi kama bunduki za Hoxha hazikuweza kumwondoa Mungu mioyoni mwa watu wa Albania, muhuri wa ofisi utawezaje kumwingiza Mungu moyoni mwa mtu wa Nairobi? Imani haiingii kwa nguvu, wala haitoki kwa nguvu.

Sasa niyajibu maneno mawili yasemwayo na ndugu zetu wenye hofu.

Neno la kwanza ni hili: Watoto wetu wataharibika. Nami nasema: Hofu hiyo naifahamu, lakini dawa yenu si dawa. Leo kijana wa kijijini ana simu mfukoni, na ndani ya simu ile wamo wahutubu wote wa dunia, wasadikio na wasiosadiki. Mkilifunga jukwaa la mjini, je, mtazifunga na simu? Kijana atayasikia maswali yale. Shauri ni moja tu: atayasikia akiwa peke yake usiku, au atayasikia akiwa na mwalimu wake kando yake? Tena msitishwe kupita kiasi. Katika hesabu ya watu wa Kenya ya mwaka 2009, watu 922,128 waliandikwa kuwa hawana dini. Katika hesabu ya mwaka 2019, miaka mitatu baada ya chama kile kuandikishwa, walikuwa 755,750. Sisemi kwamba chama ndicho kilichowapunguza, wala si wote wasio na dini wanaomkana Mungu. Nasema tu kwamba gharika mliyoitabiri haikuja.

Neno la pili ni hili: Nchi yetu ni nchi ya Mungu, Wakenya wanamtaja Mungu katika utangulizi wa Katiba yao na katika wimbo wa taifa lao, basi wakana Mungu hawana haki ya kukusanyika. Nami najibu: Isomeni Katiba hiyo hiyo ya mwaka 2010, kifungu cha 32. Yampa kila mtu uhuru wa dhamiri, wa dini, wa mawazo na wa imani, naye aweza kuidhihirisha imani yake peke yake au pamoja na wenzake, hadharani au faraghani. Kifungu hicho ndicho kinachowalinda Wakristo wahubirio stendi ya mabasi na sokoni. Ni ukuta mmoja wa nyumba mbili. Ukiubomoa ili jirani yako apigwe na mvua, mvua itakupiga na wewe.

Wala hayo si maneno ya kubuni. Mwaka 1948 Serikali ya kikoloni katika Kenya iliipiga marufuku Dini ya Msambwa. Mwaka 1967 Serikali ya Malawi iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova. Waliteswa, na maelfu wakakimbia nchi yao. Labda hatukubaliani na mafundisho ya hao wala ya hao. Lakini kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile: amani ya nchi. Upanga huu haumjui mwenyewe. Leo uko mkononi mwa mtu akupendaye. Kesho utashikwa na mwingine, naye atalitazama kanisa lako dogo la udongo na kusema, Hawa nao wanawatia watu wasiwasi.

Tena naona kwamba hofu yetu inatazama upande usio na hatari. Mara nyingi twamsikia mhubiri akiutaja mwanzo wa Zaburi ya 14, habari za mpumbavu amkanaye Mungu, naye huwanyoshea kidole wasiosadiki. Lakini someni vizuri. Mpumbavu yule hakusimama jukwaani. Alisema moyoni mwake. Na zaburi yaendelea kumweleza kwa matendo: ni mtu wa jamii ya wale wawalao watu kama walavyo mkate. Basi mpumbavu yule aweza kuwa amekaa kiti cha mbele kanisani, ameshika kitabu cha nyimbo, huku moyoni amekwisha kusema kwamba hakuna atakayemwuliza habari za sadaka aliyoiba na za mjane aliyemnyang'anya shamba.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, na watoto wengi miongoni mwao. Walikuwa wafuasi wa mhubiri mmoja, nao walifunga kula mpaka kufa, wakitumaini kumwona Yesu. Nani aliyewaongoza msituni? Hakuwa mtu asiyesadiki. Hakuna mkutano wa wakana Mungu uliowaua watoto wale. Lililowaua ni fundisho lisiloruhusu kuulizwa. Kama mama mmoja tu angalithubutu kusimama na kusema, Mwalimu, nionyeshe hayo katika Maandiko, na kama wenzake wangalizoea kusikia swali bila ya kulikemea, labda mtoto mmoja angalipona. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi twakimbilia kufunga mlango wa mbele, na mbwa mwitu yumo ndani ya zizi, amevaa ngozi ya kondoo.

Nimewaambia Wakristo, sasa niwaambie wasiosadiki wenyewe, maana nikiwatetea wapate kusema, nina haki ya kuwajibu. Ninyi mwajiita watu wa akili, kana kwamba akili ni shamba lenu mlilorithi peke yenu. Yustino alikuwa mwanafalsafa kabla ya kuwa Mkristo, na baada ya kubatizwa hakuacha kufikiri. Mwasema dini ni udanganyifu wa kuwanyonya maskini. Wako wanyonyaji katika dini, nami nimewataja. Lakini fimbo yenu isimpige na mama wa kijijini aamkaye alfajiri kumwosha mgonjwa asiye ndugu yake, kwa sababu amesadiki kwamba amemwosha Bwana wake. Jibuni swali lake kabla hamjamcheka. Tena mwadai haki ya kusikilizwa, kwa kuwa kila mtu ana heshima yake. Neno hilo ni kweli. Nasi twawauliza: heshima hiyo ya mtu mmejifunza wapi, nayo yasimama juu ya msingi gani, ikiwa mtu ni mavumbi tu yaliyopata kusema? Siulizi ili niwaaibishe. Nauliza kwa kuwa sisi tunalo jibu letu, nasi twataka kulisikia lenu. Na msitegemee dhihaka. Dhihaka huwafurahisha wenzenu tu, haimshindi mtu yeyote.

Basi tufanye nini? Nawaambia waalimu wenzangu na wazee wa makanisa mambo manne.

La kwanza, katika darasa la ubatizo na la kipaimara kiwe kipindi cha maswali, na mwanafunzi asiadhibiwe kwa swali lo lote alilouliza kwa adabu. Mwalimu asipojua jibu, aseme, Sijui, nitatafuta; wala heshima yake haitapungua.

La pili, mzazi asimfukuze nyumbani mwana asemaye kwamba hasadiki. Mkumbuke Bradlaugh. Baba wa yule mwana mpotevu hakumfuata kwa fimbo, wala hakukivunja kiti chake mezani.

La tatu, wakikusanyika hao wasiosadiki, na waende wachache wetu wenye akili na upole, wasikilize mpaka mwisho, ndipo wajibu. Mtume Petro alituagiza kuwa tayari siku zote kumjibu kila mtu aulizaye sababu ya tumaini letu, na kujibu kwa upole. Sasa, tukiisha kuwanyamazisha waulizaji, tutaitiije amri hiyo? Asiyeulizwa hana cha kujibu.

La nne, tuyasafishe ya nyumbani kwetu: hesabu za sadaka zisomwe mbele ya watu, na mhubiri atakaye fedha kwa ajili ya maombi akataliwe. Jambo hili litawajibu wakana Mungu kuliko vitabu kumi.

Wala msidhani kwamba mlango uliofunguliwa hupitisha watu wa kutoka tu. Chama kile cha Kenya hakikufa kwa amri ya mwaka 2016. Mwaka 2021 kilitangaza kwamba katibu wake amejiuzulu, na sababu iliyotolewa ni kwamba amempata Yesu Kristo. Wenzake hawakumtukana, walimtakia heri katika njia yake mpya, kisha wakatafuta katibu mwingine. Natamani sana kwamba Mkristo aachaye imani miongoni mwetu angaliagwa kwa upole kama huo. Wasiosadiki wasitushinde kwa adabu.

Gamalieli aliwaonya wazee wa Kiyahudi habari za Mitume: kazi ikiwa ya wanadamu itavunjika yenyewe, na ikiwa ya Mungu hamwezi kuivunja. Shauri lile lilituokoa sisi tulipokuwa wachache na wanyonge. Tusione haya kulitumia kwa wengine. Wasiosadiki na wakusanyike, na waseme. Tukiwa na kweli, tuilete hadharani pamoja na upendo. Na kama hatuwezi kuisema mbele ya mtu atupingaye, hata yeye akiisha kunyamazishwa hatutakuwa na neno la kuwaambia watoto wetu.